Nyumba ya dola 14,000: je, Nixon alimwambia Khrushchev ukweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba mwaka 1959 Nixon alisimama jikoni mjini Moscow akamwambia Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, kuwa mfanyakazi yeyote wa kiwanda cha chuma Marekani anaweza kununua nyumba kama ile waliyokuwa ndani yake. Baba yangu mdogo, aliyesoma enzi za Ujamaa, anasema ilikuwa propaganda tupu. Mimi ni mfanyakazi wa kiwandani Morogoro na kwa mshahara wangu nyumba siioni hata kwa mbali. Je, ilikuwa kweli? Na kama ilikuwa kweli, iliwezekanaje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Hesabu aliyoitoa Nixon siku ile ilikuwa sahihi. Aliyoyaacha ni mambo mawili: namna nyumba ile ilivyosogezwa hadi mfanyakazi akaifikia, na rangi ya mfanyakazi aliyekubaliwa kuinunua. Kwa hiyo propaganda ilikuwepo kama anavyosema baba yako mdogo, ila haikuwa kwenye namba.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 24 Julai 1959, katika bustani ya Sokolniki, ambako Marekani ilifungua maonyesho ya maisha ya watu wake. Kulikuwa na nyumba nzima yenye samani zake, iliyokatwa katikati ikaachwa njia ili watu wapite wakitazama vyumba kushoto na kulia. Jiko lake, la rangi ya limau, lilitoka General Electric. Makamu wa Rais Richard Nixon alimsimamisha Nikita Khrushchev mbele ya mashine ya kufulia, wakaanza kubishana. Nixon akasema wafanyakazi wetu wa chuma wako kwenye mgomo, kama unavyojua, lakini yeyote kati yao anaweza kuinunua nyumba hii: wanalipwa dola 3 kwa saa, na nyumba ya dola 14,000 inalipiwa kama dola 100 kwa mwezi kwa mkataba wa miaka 25 hadi 30. Khrushchev akajibu kwamba nyumba za Kimarekani hujengwa zidumu miaka 20 tu ili mjenzi apate kuuza nyingine, na kwamba kwao mtu akishazaliwa tu ana haki ya makazi. Vyombo vya habari vya Kisovieti navyo viliandika kuwa kuiita ile nyumba ya mfanyakazi wa kawaida ni sawa na kuionyesha Taj Mahal kuwa makazi ya mfuma nguo wa Bombay.

Tupige hesabu basi. Dola 3 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 52: zinakuja dola 6,240 kwa mwaka, yaani dola 520 kwa mwezi kabla ya kodi. Dola 100 hazifiki sehemu moja ya tano ya mshahara huo. Bei nzima ya nyumba ni mshahara wa miaka miwili na miezi mitatu hivi. Ukichukua riba ya asilimia 5 na robo, iliyokuwa ya kawaida wakati ule, ukaisambaza kwa miaka 30, rejesho la mkopo peke yake ni dola 77 kwa mwezi. Ongeza bima na kodi ya jengo, unakaribia dola 100 bila kulazimisha. Ni kweli mfanyakazi wa chuma hakupata kazi wiki zote za mwaka, maana oda zikipungua tanuru huzimwa na watu hurudishwa nyumbani. Lakini hata ukimkata mshahara wa miezi miwili, dola 100 zinabaki chini ya robo ya kipato chake.

Na watu walinunua kweli. Mwaka 1940 kaya zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba zao wenyewe hazikufika nusu. Zilikuwa asilimia 43.6. Mwaka 1950 zikafika asilimia 55, na mwaka 1960 karibu asilimia 62. Mabadiliko makubwa kiasi hicho ndani ya miaka 20 hayaletwi na watu kuanza kujibana ghafla. Yana sababu, na iliyo kubwa kuliko zote imejificha kwenye ule mkataba wa miaka 25 hadi 30.

Kabla ya 1934 mkopo wa nyumba Marekani ulikuwa mtego. Benki ilitaka utoe karibu nusu ya bei mkononi, ikakukopesha iliyobaki kwa miaka mitatu hadi mitano. Mara nyingi ulilipa riba tu muda wote huo, halafu siku ya mwisho deni lote likakudai kwa mkupuo. Ilibidi utafute mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani. Uchumi ulipoanguka baada ya 1929 benki ziligoma kukopesha upya, na kufikia 1933 nyumba kama elfu moja zilikuwa zikichukuliwa na wadai kila siku. Mwaka 1934 serikali ya Franklin Roosevelt ikaunda mamlaka ya shirikisho ya nyumba, inayojulikana kwa herufi FHA. Mamlaka hii haikujenga nyumba wala haikumkopesha mtu senti. Iliiambia benki: mkopeshe huyu kwa miaka 20, baadaye ikawa 25, hatimaye 30, atoe kianzio kidogo, kila mwezi alipe deni na riba pamoja, akishindwa, hasara tunaibeba sisi. Benki iliyokuwa ikimkimbia mfanyakazi ikaanza kumtafuta.

Umenitajia mshahara wako, kwa hiyo nikuonyeshe uzito wa jambo hili kwa namba. Mchukue mfanyakazi yuleyule wa Nixon, mshahara uleule, nyumba ileile ya dola 14,000, lakini umpe mkopo wa miaka mitano kwa riba ya asilimia 18. Rejesho lake linaruka kutoka dola 77 hadi dola 355 kwa mwezi, theluthi mbili ya mshahara wake na zaidi. Nyumba imeshamponyoka, na hakuna aliyemkata hata senti moja ya malipo yake. Ukitaka kujilinganisha na mfanyakazi wa Pittsburgh, mji wa chuma wa Marekani, wa 1959, usiangalie mshahara peke yake. Angalia pia muda wa mkopo, riba, na nani anasimama kuwa mdhamini.

Mdhamini wa pili aliletwa na vita. Tarehe 22 Juni 1944, majeshi yakiwa bado yanapigana Normandy, Roosevelt alisaini sheria ya kuwaandalia maisha wanajeshi watakaorudi, ambayo Wamarekani huiita GI Bill. Wanasiasa walikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1932 maelfu ya waliopigana Vita Kuu ya Kwanza walipiga kambi Washington wakidai malipo yao, na jeshi likawafukuza kwa mabomu ya machozi. Hakuna aliyetaka kuona hayo tena, safari hii kwa watu milioni 16. Sheria mpya ilimpa asiye na kazi dola 20 kwa wiki, hadi wiki 52. Ilimlipia ada ya chuo hadi dola 500 kwa mwaka, pamoja na posho ya kujikimu. Ilidhamini pia mkopo wake wa nyumba, mara nyingi bila kianzio chochote. Kufikia 1956 karibu nusu ya wanajeshi wote wa vita ile walikuwa wamesoma au kujifunza ufundi kwa sheria hiyo, na kufikia 1952 mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa ilikuwa milioni 2.4.

Nyumba zenyewe sasa. Vita vilipokwisha, wanajeshi walirudi kwa wingi kwenye nchi ambayo kwa miaka 15 haikujenga makazi ya kutosha. Wengi walibanana kwa wazazi pamoja na mke na mtoto mchanga. Wengine walikaa kwenye mabanda ya bati ya jeshi, na Chicago tramu chakavu ziliuzwa ziwe makazi ya watu. Wakati huohuo watoto wakamiminika: milioni 3.4 walizaliwa mwaka 1946, na idadi ikapanda hadi milioni 4.3 mwaka 1957.

Hapo ndipo alipopata nafasi mjenzi William Levitt. Mwaka 1947 alianza kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya jiji la New York, na kufikia 1951 alikuwa amesimamisha nyumba zaidi ya 17,000 mahali pamoja. Kazi aliigawa katika hatua zipatazo 27, kila hatua na kikosi chake. Sakafu ya zege ilimwagwa moja kwa moja juu ya ardhi, mbao zilikuja zimeshakatwa, na alikuwepo mtu ambaye kazi yake kutwa nzima ilikuwa kufunga mashine za kufulia kwa nati, nyumba moja baada ya nyingine. Walipokuwa na kasi zilikamilika nyumba zaidi ya 30 kwa siku. Nyumba ilikuwa ndogo, mita za mraba 70 hivi, vyumba viwili vya kulala, lakini jiko, friji na mashine ya kufulia ya Bendix vilikuwa ndani ya bei. Toleo la 1950 lilikuja hata na televisheni ya Admiral iliyojengewa chini ya ngazi. Masharti yalikuwa mengi: nguo zisianikwe nje mwisho wa wiki, majani yakatwe kila wiki, uzio marufuku. Na huyu Levitt, aliyesifiwa kuwa shujaa wa soko huria, alianza kujenga akiwa na ahadi ya FHA mkononi kwamba mikopo ya wanunuzi wake itadhaminiwa. Ndiyo maana benki zilimpa mtaji kabla hata nyumba moja haijauzwa.

Mji wake wa pili ndio unaogusa swali lako moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya U.S. Steel ilijenga kiwanda kikubwa, Fairless Works, kando ya mto Delaware katika jimbo la Pennsylvania. Levitt akanunua ardhi ya jirani, na kuanzia 1952 akajenga nyumba nyingine zaidi ya 17,000, akauita mji huo Levittown kama ule wa kwanza. Mfanyakazi wa chuma aliyetajwa jikoni Moscow alikuwepo hapa kwa mwili wake: anamaliza zamu, anaingia kwenye gari lake, anafika kwenye nyumba aliyoinunua kwa dola 10,000 hivi. Kama alikuwa mwanajeshi wa zamani, huenda hata kianzio hakutoa.

Na zile dola 3 kwa saa? Nazo hazikushuka kutoka mbinguni. Nixon aliutaja mgomo kama jambo la kupita tu, lakini mgomo ndio uliomletea mfanyakazi yule mshahara ambao Nixon alikuwa akijivunia. Kati ya 1946 na 1959 wafanyakazi wa chuma waligoma kitaifa mara tano: 1946, 1949, 1952, 1956 na 1959. Januari 1946 walitoka kazini watu 750,000 kwa pamoja, wakapata nyongeza ya senti 18 na nusu kwa saa. Mgomo wa 1949 uliwaletea pensheni inayolipiwa na mwajiri. Wa 1956 ukawapa nyongeza inayofuata kupanda kwa bei, kama walivyopata wenzao wa kiwanda cha magari cha General Motors, chini ya kiongozi wa chama chao Walter Reuther, tangu mkataba wa 1948. Katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi ya wafanyakazi wa Marekani walikuwa kwenye vyama vya wafanyakazi. Hata asiyekuwa mwanachama alinufaika, kwa sababu mwajiri aliyekiogopa chama alipandisha mshahara mapema ili kisije mlangoni kwake.

Siasa za nchi zilizunguka jambo hili kuliko wengi wanavyokumbuka. Mwaka 1946 udhibiti wa bei wa wakati wa vita ulipolegea, bei zilipaa na nyama ikaadimika madukani, na wapiga kura waliochoka na foleni na migomo wakawapa Republican mabunge yote mawili. Bunge hilo jipya lilipitisha mwaka 1947 sheria ya Taft-Hartley, licha ya Rais Truman kuikataa. Sheria ilimruhusu rais kuomba mahakama isimamishe mgomo kwa siku 80, ikayaruhusu majimbo kuvibana vyama, na ikawataka viongozi wa vyama waape kwamba si wakomunisti. Mmoja wa wabunge wapya walioipigania alikuwa Nixon mwenyewe. Aprili 1947 alikwenda kuitetea kwenye mdahalo huko McKeesport, mji wa chuma wa Pennsylvania, dhidi ya mbunge mwingine mpya aliyeitwa John Kennedy. Truman, aliyekuwa ametabiriwa kushindwa, alishinda mwaka 1948 kwa kura nyingi za wafanyakazi hao. Aprili 1952, vita vya Korea vikiendelea, alijaribu hata kuvitwaa viwanda vya chuma ili kuzuia mgomo, na Mahakama ya Juu ikamwambia hana mamlaka hayo.

Hofu ya ukomunisti nayo iliwagharimu wafanyakazi. Kati ya 1949 na 1950 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la CIO lilivifukuza vyama 11 vilivyodaiwa kuongozwa na mrengo wa kushoto, na baadhi yake ndivyo vilivyokuwa mbele katika kuwatetea wafanyakazi weusi. Joseph McCarthy, seneta aliyewasaka wakomunisti, wengi wanamfahamu, kwa hiyo simrudii. Ninachotaka ukione ni kwamba mfanyakazi wa Levittown alipewa nyumba na wakati huohuo akawekewa mipaka ya kusema. Levitt mwenyewe alisema mwaka 1948 kwamba mtu mwenye nyumba na kiwanja chake hawezi kuwa mkomunisti kwa kuwa ana kazi nyingi mno za kufanya.

Republican walipochukua urais mwaka 1953, Dwight Eisenhower hakuubomoa mpango huu. Alimwandikia kaka yake mwaka 1954 kwamba chama chochote kitakachojaribu kufuta pensheni ya taifa na sheria za kazi hakitasikika tena katika historia ya nchi. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilibaki asilimia 91 kwa matajiri wakubwa. Mwaka 1956 akasaini sheria ya barabara kuu za maili 41,000, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Barabara hizo ziliifanya nyumba ya mbali na mji iwezekane kukaliwa, na zilikula chuma kwa wingi. Vita Baridi pia vilikula chuma: matumizi ya kijeshi yaliongezeka zaidi ya mara tatu kati ya 1950 na 1953. Na duniani hapakuwa na mshindani, kwa sababu viwanda vya Ujerumani na Japani vilikuwa magofu. Karibu nusu ya chuma chote cha dunia mwaka 1950 kilitoka Marekani. Bahati ya namna hiyo haidumu, na Wamarekani wengi waliichukulia kama hali ya kudumu.

Sasa nifike kwenye lile la pili alilolinyamazia Nixon. Hili ndilo linalonichoma kila ninapolifundisha.

Mkataba wa kwanza wa upangaji wa Levittown ya Long Island ulikuwa na kifungu kilichochapwa kwa herufi kubwa: mpangaji anakubali kutoruhusu nyumba itumiwe wala ikaliwe na mtu yeyote asiye mzungu. Kikafuata kibali kimoja, kwamba watumishi wa ndani wasio wazungu wanaruhusiwa. Soma tena hapo. Mwanamke mweusi angeweza kudeki ile sakafu ya zege, lakini mumewe aliyepigana Ulaya asingeweza kuipanga. Halikuwa wazo la Levitt peke yake. Mwongozo wa FHA uliwaelekeza wakaguzi kwamba kuchanganya rangi kunashusha thamani ya mtaa, na ukapendekeza hati za viwanja ziwe na vizuizi vya rangi. Detroit, mwaka 1941, mjenzi mmoja alijenga ukuta wa zege wa karibu nusu maili kutenganisha mtaa wa weusi na kiwanja alichotaka kujengea wazungu, ili mikopo ya wanunuzi wake ikubaliwe. Ukuta ule upo hadi leo. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kuvitekeleza vizuizi hivyo vya rangi, lakini Levitt aliendelea kuwauzia wazungu tu, akieleza kwamba anaweza kutatua tatizo la nyumba au tatizo la rangi, si yote mawili.

Kwa wanajeshi weusi ile GI Bill ilipita mikononi mwa benki na maofisa wa majimbo, na huko ndiko ilikokwama. Uchunguzi wa mwaka 1947 katika miji 13 ya Mississippi ulikuta kwamba kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa kwa wanajeshi waliorudi, miwili tu ilikwenda kwa weusi. Wengine hawakufika hata nyumbani salama. Sajenti Isaac Woodard alikuwa amevaa sare yake, ameagwa jeshini kwa heshima saa chache tu, Februari 1946, polisi wa South Carolina walipompiga hadi wakampofua macho yote mawili. Kisa hicho kilimtikisa Truman, akaunda kamati ya haki za raia mwaka huohuo na kuamuru mwaka 1948 ubaguzi ukomeshwe jeshini. Wademokrati wa Kusini waliokasirishwa na sera zake za haki za raia walijitenga na kumsimamisha Strom Thurmond agombee urais dhidi yake mwaka huo wa 1948, na Thurmond akatwaa majimbo manne.

Je, mfanyakazi wa chuma aliyekuwa mweusi? Alikuwa mwanachama wa chama, na mgomo wa 1959 ulikuwa wake pia. Lakini katika viwanda vingi alipangwa kwenye tanuru za koki, yaani makaa ya kuyeyushia chuma, na kazi nyingine za moto na vumbi, na ukongwe wake kazini ulihesabiwa ndani ya idara ile tu. Akihamia idara yenye kazi safi alianza upya chini kabisa, wa kwanza kupunguzwa oda zikishuka. Mfumo huo ulivunjwa kwa amri ya mahakama mwaka 1974, ukihusisha kampuni tisa za chuma na chama chenyewe. Akitaka nyumba, na mikopo ya FHA imemfungia mlango, katika mji kama Chicago alikwenda kwa dalali aliyeinunua kwa bei ya chini kutoka kwa mzungu aliyetishwa kwamba weusi wanakuja, kisha akaiuza kwa bei iliyoongezwa mno. Hati ilibaki kwa dalali hadi senti ya mwisho. Ukikosa rejesho la mwezi mmoja, hata kama umelipa miaka kumi, unatolewa nje na hupati kitu, na nyumba inauzwa kwa familia nyingine.

Agosti 1957, William Myers, mwanajeshi wa zamani, pamoja na mkewe Daisy na watoto wao wadogo, walihamia Levittown ya Pennsylvania wakiwa familia ya kwanza nyeusi pale. Mamia ya watu walikusanyika nje usiku baada ya usiku, wakavunja madirisha kwa mawe, hadi jimbo likapeleka polisi wake na kwenda mahakamani kuwazuia wasumbufu.  Familia ile haikukimbia. Iliishi pale miaka kadhaa. Nawataja kwa sababu Nixon aliposema yeyote, hawa ndio waliokuwa kipimo.

Vita Baridi vilivyompeleka Nixon Moscow ndivyo vilivyoitia nchi yake aibu kwa ubaguzi huo. Desemba 1952 wanasheria wa serikali waliiandikia Mahakama ya Juu, katika kesi ya ubaguzi wa rangi mashuleni iliyoamuliwa 1954, kwamba ubaguzi unawapa wakomunisti silaha mbele ya dunia. Mataifa mapya ya Afrika yalipoanza kupeleka mabalozi, aibu ikazidi: mwaka 1961 balozi wa Chad alinyimwa huduma kwenye mgahawa wa barabarani Maryland akiwa safarini kwenda Washington. Sheria ya kuzuia ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba ilikuja Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa wakati huo nyumba ya Levitt ya dola 10,000 ilikuwa imepanda bei. Aliyeruhusiwa kununua mapema alikuwa na urithi wa kuwaachia watoto. Aliyezuiwa alikuwa na risiti za kodi ya pango.

Kuhusu wanawake niseme kwa ufupi. Nixon aliusifu mtambo wa kufulia kuwa unamrahisishia kazi mama wa nyumbani. Lakini mwaka 1960 karibu mke mmoja kati ya watatu Marekani alikuwa na ajira au akiitafuta, wengi wao ili rejesho la nyumba na la gari yatoshe. Mabenki mengi hayakuuhesabu mshahara wa mke, au yaliuhesabu nusu, kwa kuwa angeweza kupata mimba. Sheria ya kukataza ubaguzi huo katika mikopo ilipitishwa mwaka 1974.

Na ule mgomo alioutaja Nixon kwa kupita tu? Ulidumu siku 116, watu nusu milioni wakiwa nje, hadi Eisenhower alipotumia Taft-Hartley na Mahakama ya Juu ikamkubalia Novemba 1959. Januari 1960 Nixon mwenyewe alisaidia kupatanisha pande mbili, kwa kuwa alikuwa akijiandaa kugombea urais, na wafanyakazi wakapata nyongeza. Lakini wanunuzi wa chuma walikuwa wameshajifunza njia ya kwenda Japani na Ulaya: mwaka huo wa 1959 Marekani iliagiza chuma kingi kuliko ilichouza nje, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu karne ya 19. Viwanda vilianza kupunguza watu, na Fairless Works iliacha kuyeyusha chuma mwaka 1991. Upande wa mkopo nao uligeuka. Oktoba 1981 riba ya nyumba ilipita asilimia 18, na kwa riba hiyo ile nyumba ya Sokolniki, kwa bei ileile ya 1959 na miaka ileile 30, ingedai dola 211 kwa mwezi badala ya 77.